Sahihi ya Babu

Dada yangu mpendwa,

Huku hatujambo, na mwanangu ameota jino.

Jana darasani niliwaonyesha wanafunzi barua za wakati wa vita zilizohifadhiwa kwenye kompyuta. Moja iliwachongea majirani kwa wanajeshi. Wote walichukuliwa, wasirudi. Msichana mmoja akasoma sahihi, akauliza, "Mwalimu, hili si jina la ukoo wenu?"

Nikajibu, "Ndiyo. Ni babu yangu."

"Bibi yangu bado anauliza baba yake alipelekwa wapi," akasema. "Nitamwambia kuhusu barua hii."

Kesho bibi huyo anakuja nimsomee barua yote. Naogopa, dada. Jina la baba yake ndilo la kwanza, na babu ameandika hata njia ya kufika kwao.

Nitamsomea. Baba usimwambie bado.

Mdogo wako