Nyumba Niliyoichora

Jumatatu, 4 Oktoba 2004
Siku ya nne Peckham, London. Nakaa kwa Mardhiya, mwenzangu wa kubadilishana shule, na bibi yake, Bi Jokha. Huyu alikimbia Unguja mwaka 64. Siku niliyofika, kabla sijavua koti, kauliza – kwenu mtaa gani? Leo kauliza tena! Nikasema Michenzani, kwenye maflati. Baba alinionya nisiitaje nyumba yetu ya Mji Mkongwe. Sababu hakunipa.

Jumatano, 6 Oktoba
Boko-boko, ngano iliyopondwa na nyama, tamu, lakini kila Bi Jokha akipakua, swali. Babu yangu nani? Alikuwa na kazi gani? Nikasema sijui. Mardhiya akamwambia, kwa Kiingereza kama kawaida yake, amwache mgeni ale. Huyu mama ana lake jambo.

Alhamisi, 7 Oktoba
Mwalimu wa art kataka kila mtu achore kwao. Nimechora kwetu kwa kweli: mlango wa misumari, ua, chumba changu cha juu chenye vioo vya rangi. Nani wa kuitambua huku? Mwalimu kaibandika picha ukutani.

Ijumaa, 8 Oktoba
Nimempigia Baba. Ile nyumba ilikuwa ya nani kabla serikali haijampa Babu, baada ya Mapinduzi? Akasema kadi ya simu inakwisha. Kadi ni yangu! Ina dakika arobaini.

Jumanne, 12 Oktoba
Parents' evening, jioni ya wazazi kuonana na walimu shuleni. Sikujua kama na sisi wageni tunaitiwa walezi. Bi Jokha kasimama mbele ya mchoro wangu mpaka Mardhiya akamvuta mkono. Kwenye basi, mimi natunga uongo: nimeiga kitabuni.

Tumefika, kaniita jikoni. Nikajua nafukuzwa. Naogopa, na naona haya.

Akasema hiyo nyumba ni yao. Hakupandisha sauti. Siku waliyotoka, mama yake alikuwa mgonjwa, kalala chumba cha vioo. Alisema watangulie, atawafuata. Hakuna aliyewahi kuwaambia kilichompata.

"Mwanangu, wakubwa zako hawakukuhadithia? Nani alimzika mama yangu?"

Nimesema naenda chooni. Nimejifungia, naandika.

Kila Alhamisi bibi yangu huchoma ubani chumbani mwangu na kusoma Yasini. Nikiuliza anasomewa nani, huambiwa nikacheze. Nikimwambia Bi Jokha hilo, nimewauza wazazi wangu. Nikinyamaza je?

Anagonga. Anasema chai inapoa.