Mama Amekatwa Mguu, na Aliyekubali ni Mimi

Gonja, Upare
12 Mei, 1974

Mpendwa kaka Asheri,

Shikamoo. Hujambo huko mkongeni, na wifi hajambo, na watoto? Kile kifua chako kimepoa? Sisi Mungu ametubakiza. Kaka, keti kwanza ndipo uendelee kusoma.

Jumapili ya tarehe 28 mwezi uliopita ndiva ya juu, bwawa letu la kumwagilia, ilipasuka. Mvua ilinyesha siku nne, bwawa likajaa hadi ukingoni, na sote tulilipita tukienda kanisani. Lakini zamu ya kufungulia maji ilikuwa ya Gregori, naye alikuwa msibani Lembeni. Unajua mwenyewe, zamu ya mtu haiguswi. Katikati ya ibada tukasikia mlima unanguruma. Kutoka nje, nyumba tano za bondeni hazipo. Hazipo kabisa, kaka! Mke wa Gregori tumemzika. Mpaka leo nikisikia maji naruka.

Mama alikuwa amebaki nyumbani na kikohozi chake. Tulimkuta ukuta umemlalia mguu wa kulia, tope limemfika kifuani.

Jumanne wakaja madaktari na wauguzi wanane wa kujitolea. Barabara ilikatika, wakapanda kwa miguu toka Maore, masanduku ya dawa vichwani. Walilala juu ya madawati ya shule. Hakuna aliyetozwa hata senti.

Mkubwa wao, daktari mmoja mwanamke aitwaye Mwanahalima, aliniita pembeni. Akasema mguu umeoza, usipokatwa kabla ya jioni Mama hatapona. Mama mwenyewe homa imempanda, anaongea na marehemu Baba.

Baba mdogo Eliezeri akasema upelekewe telegramu, maana mwana wa kiume wa kwanza ndiye mwenye neno juu ya mama yake. "Wewe Asnath umeolewa kwa watu, una neno gani hapa?"

Daktari akamwuliza, "Mzee, huyo mwanenu atafika lini?"

"Siku nne, tano."

"Basi atakuta kaburi."

Nikaiona ile ndiva, na sisi tunapita tunaangalia tu. Nikasema, "Kateni." Nikatia sahihi mahali palipokuwa pako.

Siku ya tatu Mama akafumbua macho. "Mguu wangu mmeuweka wapi?"

"Tumeuzika migombani, Mama."

"Mchungaji aliuombea?"

"Hapana."

"Haya. Mmeutanguliza kaburini bila hata wimbo, kama wa mpagani!"

Nilicheka, kaka, kisha nikalia mpaka muuguzi akanitoa nje.

Nilimpelekea daktari kuku, akakataa. "Mchemshie mgonjwa supu." Yeye ni Mwislamu, na hakuna siku ninayopiga magoti bila kumtaja. Nakuomba umwandikie shukrani, barua nitamfikishia.

Sasa la moyoni. Neno lilikuwa lako, nimelichukua. Ukikasirika, nikasirikie mimi, yule daktari wa watu usimlaumu. Eliezeri amekataa kunisemesha mpaka useme wewe.

Shemeji yako Eliamini anakusalimu, na shangazi Ernesta pia. Msalimie wifi, wabusu watoto. Bwana aliyemtoa Mama topeni awafunike huko mliko.

Jana Mama alimaliza bakuli zima la uji, akaniuliza unakuja lini. Nimeshindwa kumjibu, kaka, maana sijui unakuja kumwona yeye au kunihukumu mimi.

Wako akupendaye, dada yako,
Asnath