Swali Nililouliza Mbele ya Mume

Jumatatu, 7 Julai
Uji. Vidonge. Kiti cha dirishani. Moshi wa sigara umepanda tena kutoka ngazini. Ni Mwanaidi, mpangaji wa chini, muuza vitenge Kariakoo. Mimba ya miezi sita. Mimi ni mkunga mstaafu, pua haijastaafu.

Jumatano, 9 Julai
Nimemwita. Kwa heshima amekuja na mumewe, Hamisi. Nimeuliza papo hapo: unavuta sigara? Hapana, bibi. Hamisi akacheka: "Huyu? Hata udi unampalia."
Mjinga mimi. Kosa lile lile.

Alhamisi, 10 Julai
Niandike kabla sijafa. Kliniki yetu, mjamzito aliyekuja na mume alihudumiwa kwanza. Basi na swali la sigara niliuliza mbele ya waume. Wote walisema hapana. Mmoja, jina lake Tatu, vidole vyake vilikuwa vya njano. Niliona. Foleni ilikuwa ndefu, nikaandika hapana. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati, hakuishi. Kama ni sigara, sijui. Kwamba niliona nikanyamaza, najua.

Jumamosi, 12 Julai
Mwanaidi, peke yake. Nimemsimulia habari za Tatu. Sijawahi kumwambia mtu. Naye akasema: tano kwa siku, hamu humshika asubuhi akifungua mizigo. Sikumtisha. Tumekubaliana aache zote. Hamu ikija anywe maji, atembee mpaka kona, anipigie simu.

Jumanne, 22 Julai
Simu saa moja asubuhi. "Bibi, nimevuta. Nusu." Nimemwambia nusu iliyobaki aitupe, tunaendelea.

Ijumaa, 1 Agosti
Nimelazwa. Mapafu. Nesi amechukua simu ati nipumzike. Siku ya pili Mwanaidi hanipati. Naogopa hili kuliko kufa.

Jumapili, 3 Agosti
Amekuja wodini. "We bibi, ulidhani nitakaa nikusubiri?" Hajavuta. Aliposhindwa kunipata alimwambia Hamisi ukweli wote. Hamisi alinuna siku nzima, kisha akasema hamu ikija apigiwe yeye. Tumeshinda. Nimemaliza sahani ya wali, nikaomba nyingine.

Alhamisi, 16 Oktoba
Mtoto wa kike, kilo tatu na robo. Nimempakata kidogo, mikono haina nguvu. Mkunga kijana wa kliniki alikuja pamoja na Mwanaidi. Nimemwambia mkunga: swali la sigara, mume akae nje, mlango ufungwe. Akajibu ndiyo, mama, tutafanya hivyo.
Tatu, nisamehe.
Nimelala mchana wote.