Upande wa Kushoto wa Basi

Hoteli ya Ndila,
Steji Mpya,
Kitui.

14 Novemba 1988

Kwa kaka yangu Kisilu,

Pokea salamu kutoka kwangu mimi dada yako Ndila, na kutoka kwa wote wa nyumbani Matinyani. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na nguvu zako, na kwamba kile kifua kilichokuwa kinakusumbua kimeona haya na kukuacha. Sisi huku tu wazima sote. Nimeandika sote, Kisilu, na mimi unanijua, si mtu wa kuandika neno bure. Ukimaliza kusoma rudi hapa ulisome tena.

Mvua imenyesha tangu mwisho wa Oktoba. Kunde zimeota, mbaazi zimeota, na majani yameota kuliko vyote viwili. Watoto wangu wako shule, yule mkubwa nafikiri amekupita urefu, ingawa sina wa kumpima naye. Ile ndama yako ya mabaka ilikua ikazaa mara tatu, halafu ikafa kwenye njaa ile ya Nikw'a Ngwete, wakati mtu alizunguka na pesa mkononi na hapakuwa na mahindi ya kununua. Mwaka huo ndio barua zako zilikatika. Sitaki kuanza na hilo. Nitafika huko.

Barua hii sikuipeleka posta. Nimempa Jonah, yule kondakta wa basi la Mombasa linalopita Mutomo na Kibwezi, na kwa nini nimempa yeye utaelewa mbele.

Kwanza nikueleze habari za mji, kwa sababu mji uliouacha mwaka wa sabini na tano haupo tena. Unakumbuka kila basi, litoke Nairobi ama litoke Mombasa, lilikuwa lazima lizunguke ile kona ya kinu cha posho kabla halijasimama. Na unakumbuka likizunguka, mtu wa upande wa kushoto kitu cha kwanza kuona ni mlango wangu wa samawati. Hoteli yangu nilianza na sufuria moja na vikombe viwili vya kuazima, na nikwambie ukweli, haikukuzwa na chai yangu. Chai yangu ni ya kawaida. Ilikuzwa na ile kona. Watu wamekaa safarini saa nne, vumbi limewajaa kooni, wanainua macho, wanaona moshi unatoka kwa mlango wa samawati. Mtu kama huyo hahitaji kuitwa.

Siku uliyoondoka mwaitu, mama yetu, alikuja hadi dirishani kwa basi. Nilikuwa nyuma yake na nilisikia. Alikwambia usiwe na wasiwasi wa kurudi ukute watu wamebadilika, wewe tafuta kiti cha kushoto, na basi likizunguka kona utamwona yeye kabla ya kuona mtu mwingine. Wewe ulicheka ukamwambia utarudi na mabati ya nyumba yake, aache kulala chini ya nyasi zenye panya. Ulidhani mama amesema tu maneno ya kuagana. Kisilu, tangu wiki iliyofuata, kila Jumatatu na kila Alhamisi, siku za soko, mwaitu alitoka Matinyani na kigoda chake kichwani akaja kukaa nje ya hoteli yangu. Alisuka viondo, lakini macho yake hayakuwa kwa kiondo. Yalikuwa kwa madirisha ya kushoto.

Manamba, wale vijana wa kuita abiria, walimpa jina la Inspekta, kwa sababu hakuna basi lililoingia asilikague. Yeye aliwajibu kwamba angekuwa inspekta kweli wote wangelala ndani, kwa vile tairi zao zina vipara kuliko babu zao. Walimpenda. Madereva wengine walianza kumpigia honi wakifika kona, mara mbili, na yeye anainua mkono bila kuacha kusuka. Macho yake sasa hayaoni karibu, uzi anautafuta kwa vidole, lakini mbali anaona. Anasema hatambui mtu kwa uso. Anamtambua kwa vile anavyoinama akishuka.

Sasa mwaka jana, mwezi wa Machi, steji ilihamishwa. Wenye mji walituita mkutano wakasema barabara imekuwa nyembamba, malori na mabasi yanasukumana, kuna gorofa inajengwa pale kwenye kona na steji itapelekwa chini, mahali pana penye lami na taa. Siwezi kusema walikosea kwa yote. Hiyo lami ni nzuri, na usiku sasa kuna mwanga. Mimi nilisimama nikawaambia hesabu yangu, kwamba kwa siku yanaingia mabasi kumi na moja, na katika kila watu kumi wanaoshuka, watatu wanaingia kwangu, na hakuna hata mmoja kati ya hao watatu aliyetoka kwake akisema anaenda kwa Ndila. Wameniona, basi. Mkubwa mmoja akanijibu kwa upole kwamba chakula kizuri kitatafutwa popote kilipo. Nikamwambia mtu mwenye njaa hana muda wa kutafuta. Watu walicheka, wakapiga makofi, halafu steji ikahamishwa vilevile.

Sikujua mtaa unaweza kuondoka kwa wiki moja. Aliyeondoka kwanza ni wa miwa, akafuata fundi wa viatu, halafu mpiga picha na lile pazia lake lenye picha ya ndege. Hata yule mhubiri wa ngoma, aliyetuambia kila siku tusifuate mambo ya dunia, aliyafuata hadi steji mpya. Nilibaki mimi, kinu, na kelele za wajenzi. Nilichora kibao cha mshale nikakisimamisha njia panda. Baada ya siku chache mtu wa duka la vitambaa akasimamisha kibao chake mbele ya changu, kikubwa kama mlango wa kanisa.

Nilipata nafasi ya kupanga kibanda huko chini. Kaka, nilikuwa tayari, hata meza nilikuwa nimezifunga kamba. Mwaitu alikataa. Alisema yeye alikwambia utamwona kwenye kona, na hawezi kuwa mtu wa kusema hapa na kukaa pale. Nilimwambia basi haliwezi kurudi kwenye kona kwa sababu yake. Akanijibu kwamba hata yeye hawezi kuondoka kwenye kona kwa sababu ya basi. Wiki hiyo tulizungumza mambo ya chumvi na kuni tu. Mwishowe nilifungua zile kamba, nikarudisha meza, kwani ningemwachaje mzee peke yake akiangalia barabara ambayo hakuna kitu kinapita isipokuwa mikokoteni ya mchanga?

Hapo ndipo nilipokasirika na wewe, na sitaficha. Nilikasirika kila jioni nikimwaga chai iliyobaki. Nilisema, huyu mtu amekaa huko baharini kwenye upepo, hata kadi ya Krismasi hatumi, na mimi naiua hoteli yangu kwa mikono yangu kwa ajili ya kiti chake cha kushoto. Wakati wa njaa ni mimi niliyepanga foleni ya mahindi ya manjano. Paa la mwaitu likivuja ni mimi ninayepanda na nyasi. Watu wa kanisa walipoanza kuombea familia yetu walikuwa wanakutaja kwa sauti ya chini, vile wanavyotaja wafu, na ni mimi niliyewaambia waongeze sauti. Nilikuwa na maneno mengi ya kukwambia, nimeyapanga kama vikombe rafuni.

Halafu wiki mbili zilizopita alikuja kwangu mwanamke simjui, amejifunga shuka ya rangi ya machungwa, anaangalia mlango wangu juu na chini. Aliniambia anaitwa Shamso, mume wake anauza mbuzi, walikuja kutoka Garissa steji mpya ilipofunguliwa na yeye anauza chai pale. Nilidhani amekuja kuuliza bei ya vikombe vyangu. Akaniuliza kama namjua Ndinda wa Muli wa Matinyani. Nikamwambia huyo ni mama yangu, yuko hapo nyuma anachambua kunde. Shamso alikaa chini bila kukaribishwa. Alisema, kwa hivyo yuko hai.

Kisilu, ulikuja. Najua ulikuja.

Ameniambia yote. Ulishuka asubuhi na basi la Jonah, ukashusha kutoka juu ya basi mabati kumi yamefungwa kwa gunia, na manamba wakakucheka, wakasema tazama mzee ametembeza mabati kutoka Mombasa kama Kitui hatuna hadiweya ya kuyauza. Na ni kweli tunazo tatu, kaka, na nauli uliyolipia mzigo huo ingekununulia misumari yote na rangi. Lakini nimeshaacha kupiga hesabu hiyo. Nikiipiga nalia.

Ulikaa kwa Shamso siku nzima. Alisema ulimwaga chai kwenye kisahani ukaipuliza, kama baba. Ulisema ulikaa kushoto njia yote na hukuona kitu ila ukuta wa nyuma wa gorofa. Ukamuuliza manamba, na manamba mwenyewe ni mtoto aliyekuja juzi, iko wapi hoteli ya mlango wa samawati iliyokuwa steji, na yule mama wa kigoda. Naye akakujibu vile wanavyojibu, wakiwa wanaita abiria huku na huku, kwamba vitu vya steji ya zamani vyote vilibomolewa, na wale wazee waliisha. Nimemtafuta huyo mtoto. Alisema alimaanisha vibanda, na wazee waliohamia kwingine. Nilikuwa nimebeba mwiko, na namshukuru Mungu alikimbia.

Na najua kwa nini hukuuliza mtu mwingine, wala hukupanda gari la Matinyani ingawa Shamso aliliona likijaa mbele yako mara mbili. Kwetu mtu aliyekaa sana nje haingii tu langoni. Anakaa kwanza mahali sokoni, kwa mtu wake, apewe chai na aambiwe nani alizaliwa na nani alizikwa, ndipo aende nyumbani akijua anapeleka kicheko ama kilio. Mahali pako hapo palikuwa kwangu. Ulipoambiwa kwangu hakupo, ulichukua kwamba umeshaambiwa na mengine. Shamso anasema ulipandisha mguu kwenye basi la jioni, ukarudi, ukamwambia ayauze yale mabati awanunulie watoto wake maziwa, kwa sababu huna tena nyumba ya kuezeka.

Hakuyauza. Aliona jina la mwaitu limeandikwa pembeni kwa rangi ya kijani, herufi zako zile za kulala upande, na akasema mali yenye jina la mtu haiuzwi. Akaanza kuuliza kila mwanamke wa Matinyani anayepita na kiondo, mpaka akafika kwangu. Jonah naye akasema anakukumbuka, mtu hasahau mteja wa mabati, na kwamba uliporudi ulishukia Miritini na anajua kibanda unachokaa. Kwa hivyo barua hii inakuja kwa mkono wake, na amekula kiapo atakusubiri uisome.

Nilimwambia mwaitu usiku huohuo. Sikujua nitaanzaje, nikaanza na mabati. Akauliza, yanang'aa? Nikasema yanang'aa. Akauliza steji mpya iko wapi. Mwaka na nusu nimemsihi mwanamke huyu, na kulipokucha alibeba kigoda mwenyewe kabla mimi sijapata viatu.

Sasa tuko chini, kaka, karibu na Shamso. Mabati mawili nimeezekea kibanda, mlango nimeupaka samawati ileile, na manamba wameshaanza tena na mambo ya Inspekta. Manane yako nyumbani yameegemea ukuta. Fundi alitaka kuyapandisha, mwaitu akamfukuza. Nyasi bado inavuja na anasema itavuja tu mpaka mwenye mabati aje ayapigilie misumari mwenyewe.

Usilete kitu. Usinunue kitu. Yale maneno yangu ya rafuni nilikuwa nayo mengi, na ukija nitakupa machache, kwa haki yangu, halafu nitakupa chakula. Usisimame mahali kuulizia. Tumeshakwambia: mama yupo.

Shamso anakusalimu, anasema hukumaliza chai. Watoto wanakusalimu bila kukujua. Mwaitu hakutaka niandike salamu zake, anasema atazitoa kwa mdomo. Ameniambia nikuandikie neno moja tu, nisilisahau. Basi siku hizi linaingilia chini. Usikae kushoto. Kaa kulia, na likipanda lile daraja dogo, tafuta bati linalong'aa.

Ni mimi dada yako, ninayekungoja,

Ndila wa Muli