Bango la Hajjat Mwanajuma

Jumatatu, 9 Juni 2025

Kikao cha kumpokea dada kimekwisha. Kimenikera kuanzia dua ya kufungua mpaka dua ya kufunga. Dada Mwanajuma yuko Makka, hija kaimaliza salama, anarudi Alhamisi ya wiki ijayo — na watu wamegawana kazi kana kwamba mimi si ndugu yake wa tumbo moja! Chakula: majirani. Magari ya kwenda uwanja wa ndege: Sadallah, mdogo wa marehemu shemeji. Dufu na kaswida: Raya, bintiye dada. Mimi? "Mjomba wewe utapumzika." Nipumzike nimefanya nini?

Nikasimama. Nikasema bango ni langu. Siyo bango la kubandika ukutani kama tangazo la dawa ya mende. Bango la kukata barabara, upande hadi upande, gari lake lipite chini yake kama msafara wa mkubwa. Nilimuahidi mwenyewe siku anaondoka, palepale kwenye foleni ya mizigo. Alicheka mpaka mtandio ukamvuka. Akasema, "Sufiani, siku nikiliona ndiyo nitaamini."

Dada aliyenilea huyu! Kanibeba mgongoni mpaka nimeota ndevu. (Ndevu nimezidisha kidogo.)

Sadallah, kwa vile alikuwa mwalimu, akauliza kama ninajua mabango ya barabarani yana kibali. Kibali! Mimi mwaka ule nilifunga bango pale Chalinze, mabasi yakapita chini yake wiki nzima, la mwisho likalinasa likaenda nalo mpaka Segera. Watu wa Segera wakalisoma, wakapanda magari, wakaja kwenye shughuli. Ndiyo leo nishindwe na kibali? Raya akainamisha kichwa, mabega yakawa yanamtikisika. Nadhani alikuwa anamkumbuka mama yake.

Jumanne, 10 Juni

Nimekwenda halmashauri. Alhamdulillahi, anayeshughulika na mabango ni Sixbert. Mnyamwezi wa Tabora, mtani wangu. Sisi Wazaramo na wao tunataniana tangu babu zao walipokuwa wanakuja pwani kwa miguu na mizigo kichwani. Siku tunamzika baba, Sixbert aliruka ndani ya kaburi akalala chali. Akasema kiwanja hiki ni chake, hatoki bila jogoo. Watu na msiba wao wakacheka. Tukampa jogoo, akatoka, kisha akalia kuliko mimi.

Basi mtu huyohuyo leo ananikunjia uso! Anasema bango la kukatisha barabara linaombewa kibali siku kumi na nne kabla. Liwe juu mita tano na nusu. Lisifungwe kwenye nguzo ya umeme. Na mwenye nyumba unayofungia akubali kwa maandishi. Kwani ninajenga daraja?

Nikamwambia dada anakuja baada ya siku tisa. Akasema, "Basi mtani umechelewa."

Nikamwambia, "Nyie mliotembea miezi mitatu kutoka Tabora mpaka hapa, ndio wa kumwambia mtu kachelewa?"

Akacheka. Akasema Mzaramo ukimwona kawahi mahali, ujue pana ubwabwa. Nami nikacheka. Akasema, "Lakini ukilifunga, nitalishusha." Nikacheka zaidi. Tukaagana kwa kushikana mikono miwili miwili.

Kwa hiyo mambo ya kibali yamekwisha.

Ijumaa, 13 Juni

Bango limetoka kwa fundi. Kijani, maandishi ya dhahabu. Picha ya dada ni ile ya pasipoti, kakaza macho kama anaulizwa habari za mtu asiyemjua. KARIBU NYUMBANI HAJJAT MWANAJUMA. Chini yake, kwa herufi ndogo: NI MIMI MDOGO WAKO SUFIANI.

Raya kasema, "Mjomba, hizo si ndogo."

Nimeangalia vizuri. Kweli zimelingana na za dada. Zimezidi kidogo. Fundi huyo!

Jumamosi, 14 Juni

Limepanda! Upande mmoja kwenye roshani ya Bwanausi, jirani yetu. Upande wa pili kwenye nguzo ya umeme — kwani ng'ambo ile kuna kitu gani kingine kirefu? Ngazi nimepanda mwenyewe. Vijana wakapiga kelele, mjomba shuka, mjomba shuka. Nikawaambia mimi nimepanda minazi ambayo ukifika juu unaona Unguja wanapika nini.

Urefu nimepima kwa jicho. Jicho langu halikosei.

Alasiri limepita lori la matofali, likagusa upindo wa chini. Limechanika. Wapi? Kwenye jina langu! Jina la dada halijaguswa, langu limekuwa SUFI tu. Raya kalishona kwa uzi wa magunia huku anasema, "Mjomba, hilo lori limetuonya." Lori linaonya!

Lakini lilivyokaa sasa... Watu wanasimama, wanapiga picha. Nimemtumia dada. Kajibu kwa sauti: "Mashaallah. Kumbe kweli." Hayo tu. Nimeisikiliza sauti hiyo, nikaisikiliza tena, mpaka chaji imekwisha.

Jumapili, 15 Juni

Sixbert kapita na pikipiki akitoka kanisani. Kasimama chini ya bango, kaangalia juu mpaka nikadhani shingo imegoma.

"Mtani, hiki nini?"

"Kitambaa. Kwenu hamjaviona bado?"

Baraza zima likaangua kicheko. Yeye akasema lishuke kabla ya kesho jioni. Nikamwambia panda ulishushe, ukianguka tunakuzika hapahapa, na safari hii kaburini naingia mimi. Watu wakagongeana mikono. Akavaa kofia yake ya pikipiki. Akasema, "Mtani, leo sina utani."

Haya! Mtani akikwambia hana utani, si ndiyo anakutania vizuri? Nimecheka mpaka kahawa ikatokea puani.

Jumatatu, 16 Juni

Imeletwa karatasi yenye mhuri. Bango lishushwe leo. Nimeisoma barazani kwa lafudhi ya Sixbert, watu wakawa hoi. Bwanausi hakucheka. Anasema roshani ni yake na jina lake limo. Mwoga tangu zamani.

Jumanne, 17 Juni

Bango hakuna!!

Nimetoka msikitini alfajiri, mbingu tupu. Kamba zimekatwa safi. Kipande kimoja kinaning'inia kwa Bwanausi kama mkia wa mbuzi. Raya kaja mbio, ndala mguu mmoja. "Mjomba, wameliiba?"

Nikamtuliza. Halijaibwa, limetekwa. Mtani kalichukua anataka jogoo wake. Ndiyo mila. Unapeleka jogoo, mnatukanana kidogo, unarudi na chako. Raya akasema, "Mjomba, yule ni mtu wa serikali." Nikamwambia serikali ndani yake kuna watu, na watu wana watani.

Kisha Sadallah naye kapita. Kaangalia juu, kaangalia chini. "Kumbe barabara yetu pana," kasema. Akaendelea na safari yake.

Nimekwenda bandani kuchagua jogoo.

Jumatano, 18 Juni

Sijui nianzie wapi. Nimejaa hasira, na hasira yenyewe sijui ni ya kumkasirikia nani.

Nimechukua jogoo mwekundu, yule mwenye majivuno. Nimembeba kwapani mpaka halmashauri. Mlinzi kanisalimia, mimi na jogoo. Sixbert alikuwa mezani kwake, watu wamejaa kwenye mabenchi wanangoja zamu. Nikapaza sauti kama inavyotakiwa:

"Mtani! Jogoo wako huyu hapa, nipe bango langu!"

Watu wote wakageuza vichwa. Sasa ndiyo nikaona ukutani, nyuma ya kichwa cha Sixbert, tangazo kubwa jekundu: UKIOMBWA RUSHWA TOA TAARIFA. Jogoo naye, mwana laana, akachagua dakika ile kuwika.

Sixbert akawa rangi ya majivu. Midomo yake inaniambia toka, sauti haitoki. Mlango wa ndani ukafunguka, akatoka mama mmoja mfupi, miwani kaipandisha kichwani. Bi Klementina, mkuu wake. Kahamishiwa hapa majuzi kutoka bara.

"Mzee, shikamoo. Huyo kuku ni wa nani?"

"Marahaba. Wa Sixbert."

"Umemletea wa kazi gani?"

"Ili anipe bango."

Ulimi wangu mimi! Si ungesimama hapo? Nikaona niliweke sawa. Nikaeleza utani wa Wazaramo na Wanyamwezi. Nikaeleza msiba wa baba. Nikaeleza kaburi, na yule jogoo wa kwanza.

"Kumbe huyu si wa kwanza?" kasema Bi Klementina.

Mtu mmoja kwenye benchi akasema "Duh!"

Kila nilivyozidi kueleza, Sixbert alizidi kuzama kwenye kiti. Bi Klementina akanisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza hata mara moja. Bora angenikatiza. Akasema utani anaujua, hata kwao wanao watani, na kwenye misiba wanavunja vyungu. Lakini mbele ya meza ya ofisi kuku ni kuku. Bango litakaa stoo mpaka liombewe upya, na siku kumi na nne zianze kuhesabiwa siku ya kuombwa. Na kesho saa nne Sixbert aeleze mbele ya wakubwa kuku wa wananchi anawala tangu lini. Wakiona maelezo hayatoshi, anasimamishwa kazi.

Saa nne! Ndiyo saa dada anayofika nyumbani.

Sixbert kanisindikiza nje. Nikamtupia neno, lile la mizigo kichwani, ili roho yake ichangamke. Hakurudisha. Tangu nimjue hajawahi kuacha kurudisha. Kasema tu, "Sufiani, nina watoto wanasoma."

Hajawahi kuniita kwa jina langu.

Jogoo wamebaki naye. Kafungwa kwenye mguu wa meza, wanasema ni ushahidi.

Jioni Raya kaja na kanzu yangu, kaipiga pasi mwenyewe. "Mjomba, ya bango tuyaache. Kesho ukae mlangoni, wewe wa kwanza, umpokee mama." Kasema hivyo, hakunicheka. Nikamwambia nitakuwepo kabla jua halijachomoza.

Alhamisi, 19 Juni

Kanzu nyeupe. Kofia ya viua. Vijana wamefagia barabara mpaka mchanga unang'aa. Madufu yanaanikwa juani yakaze. Wanawake wametandika mikeka kuanzia kwa Bwanausi mpaka mlangoni kwetu.

Raya kapiga simu toka uwanja wa ndege. Mama katoka, mzima, kakonda kidogo. Kaagiza gari lake likifika mtaani liende polepole, alione bango lake vizuri. Hakuna aliyemwambia! Raya kashindwa. Sadallah kashindwa — Sadallah, bingwa wa kusema! Wameniachia mimi.

Nimekaa mlangoni kama nilivyoahidi. Nimekaa. Nimeinuka. Nimekaa tena. Bwanausi kaniuliza kama natafuta choo. Nikamwambia nakwenda kufuata kitu, narudi sasa hivi.

Niko kwenye ngazi za halmashauri. Naandika juu ya goti, vumbi linapanda kwenye kanzu. Sixbert yuko ndani. Sauti ya Bi Klementina naisikia, na za wanaume wawili. Ya kwake sijaisikia. Nimemwambia mlinzi mimi ni shahidi. Kaniangalia kofia, kaniangalia miguu, kasema ngoja uitwe.

Nimejipangia cha kusema. Kifupi. Kuku alikuwa wa utani, Sixbert hakumwomba, bango alikwisha kunikataza mara tatu, kosa la kulifunga ni langu. Basi. Siongezi Segera, siongezi minazi. Lakini kila nikiyarudia yanataka kurefuka! Safari hii ya mwisho kaingia na Liwali ndani yake, sijui katokea wapi.

Simu. Dada mwenyewe.

"Sufiani! Tumeshapita Mapinga, tunakaribia. Uko chini ya bango?"

Nikafungua mdomo. Maneno yalikuwa tayari, mazuri, yanapepea yenyewe. Nikayaacha.

Nikasema, "Dada, bango hakuna. Wamelishusha, sikuwa na kibali. Na mimi sipo nyumbani, niko halmashauri, kuna mtu atafukuzwa kazi kwa sababu ya jogoo wangu."

Nasikia gari linavyounguruma, nasikia watu wanasoma kaswida huko nyuma. Kisha dada akacheka, kicheko chake kilekile cha kwenye foleni ya mizigo.

"Sufiani wewe! Hata leo? Acha hadithi zako, mwanangu, tunakuja." Akakata.

Nimempigia. Hapokei. Nimempigia Raya. Hapokei, kelele za kaswida hizo.

Mlango umefunguka. Mlinzi anasema, mwenye kuku aingie, na aseme ukweli mtupu. Nafunga daftari, naingia.