Pampu Niliyomficha Mzee Yakobo

Shangazi Magreth, shikamoo. Nishike mkono, maana nimefanya jambo ambalo hata mume wangu Hamza sijamwambia. Nina miaka arobaini na sita, nauza spea za magari Mwembesongo, duka aliloniachia marehemu baba, na Upendo ni shoga yangu tangu shule ya msingi, sasa mwaka jana akafungua duka la bajaji za umeme kule Msamvu na tangu siku hiyo sina raha, kila anayeingia kwangu ananiuliza kama spea za petroli zitaendelea kupatikana, wengine wananipa pole kama niliyefiwa, na Hamza akirudi nyumbani ni Upendo hivi, Upendo vile, mpaka nasusa chakula.

Mwezi uliopita akaja mzee Yakobo wa Mgeta, mteja wetu tangu enzi za baba, pikapu yake ndiyo inayoteremsha mboga za kijiji kizima na wagonjwa pia, pampu ya mafuta imekufa, na mimi pampu ninayo, moja tu, lakini nikaona ameshika kalenda ya duka la Upendo, moyo ukawaka, nikamwambia, "Baba, hizo hazitengenezwi tena. Waliokupa kalenda wakupe na pampu." Akaniaga kwa upole, akaondoka.

Baada ya wiki mke wa mwanawe, Grace, akashikwa na uchungu, gari bovu liko uani, wakambeba kwa machela kwenye kijia cha mteremko, mvua inanyesha, akajifungulia njiani. Mtoto mzima, ila Grace alivuja damu nyingi, akalazwa siku tisa. Aliyenisimulia ni Upendo, alikuja dukani kwangu na machozi. "Shoga, mimi ndiye niliyemkataza mzee asinunue bajaji, mlima ule na mizigo ile haiuwezi. Nikamwelekeza kwako. Kumbe na wewe huna! Basi nimemtafutia Dar, nimempelekea." Nikajibu, "Ndiyo, sina," na boksi la pampu liko miguuni pangu.

Juzi mzee akapita kunisalimia. "Mwanangu, usijilaumu. Najua ungekuwa nayo ungenipa." Tangu hapo nafungua duka nikiogopa nani ataingia. Ninyamaze, maana gari limeshatengenezwa, au niseme?

Shadya, Mwembesongo

*

Marahaba, Shadya. Kuona duka la mwenzio linajaa wakati lako linapwaya kunauma, na mume akizidisha sifa kunauma zaidi. Hilo nakupa pole. Lakini pole yangu inaishia hapo. Ulimtazama mzee wa rika la baba yako ukamnyima kitu unacho, na aliyelipia ni mwanamke mwenye mimba. Halafu huyo unayemwonea kijicho ndiye aliyekuwa anakuletea mteja! Ulipigana peke yako, mama.

Kuhusu spea, acha kujililia. Magari ya petroli ya Mgeta hayatatoweka kesho kutwa, na kadiri pampu zinavyoadimika ndivyo watu watakavyomtafuta aliyeweka akiba, mradi wamwamini. Hizo bajaji nazo zina breki, beringi na shokapu. Muulize Upendo zipi zinachakaa haraka, uziweke. Na Hamza mwambie wazi kwamba sifa zake zinakuchoma. Hawezi kujua usiposema.

Na swali lako: sema. Anza na Upendo, wiki hii, nenda kwake, si kwa simu. Akikasirika, mwache akasirike. Kisha panda Mgeta. Usitangulize kanga za mtoto wala sukari, usije ukaonekana unanunua msamaha. Kaa chini mbele ya mzee na Grace, useme, "Baba, pampu nilikuwa nayo. Nilikunyima kwa wivu." Usiongeze "lakini". Ukishasema, nyamaza, umsikilize Grace mpaka amalize, hata kama maneno yake yatakuchoma.