Njia ya Kiboko

Baba yangu,

Leo nimejaa hasira, na wewe ndiwe pekee ninayetaka kukueleza.

Unakumbuka ulivyotufundisha kulima kando ya mto Ruzizi? Kati ya shamba letu na la jirani uliacha ukanda mpana usiolimwa, kutoka mtoni hadi kwenye majani. Siku moja nilitaka kupanda mahindi pale, ukaninyang'anya jembe. "Hapo ni pa kiboko. Yeye apite, na sisi tulale." Kila mkulima wa pale aliacha ukanda wake. Jioni viboko walipanda kwenda malishoni, alfajiri walirudi majini, na mihogo yetu ilibaki salama.

Kisha wakaja watu wa mradi wa kulinda viboko. Hawakuuliza mtu. Walifunga ukingo kwa nguzo na waya, eti kututenganisha na wanyama, wakaacha pengo moja tu, nyuma ya nyumba yetu. Kiboko aliyekosa njia yake akapita uani kwako, akakukuta hapo. Tulikuzika, na kesho yake vijana wakamuua kwa mikuki. Najua usingekubali.

Jumamosi nilikwenda na mjukuu wako Neema kwenye ukumbi mmoja hapa ughaibuni, Louisville, South End. Tuliambiwa kuna mkutano kuhusu viboko wa kwetu. Kijana wa mradi akaonyesha picha ya ule waya, akasema wenyeji hawajui kuishi na wanyama, na kwamba waya sasa unapita kwenye shamba la Ombeni, mdogo wangu. Watu wakapiga makofi.

Nikasimama. Neema akanivuta mkono: "Mama, please, kaa." Sikukaa. Nilimwambia yule kijana kwamba kiboko alikuwa na njia, baba yangu aliitunza maisha yake yote, nao waliifunga na baba akafa. Akatabasamu, akanishukuru kwa maoni yangu. Kifo chako, baba, kwao ni maoni.

Nikampigia Ombeni nikiwa bado kwenye maegesho.

"Dada, zile nguzo tulishang'oa," akasema. "Bon, sasa banatuita majangili."

Kama kumpisha kiboko ni ujangili, basi jangili wa kwanza ulikuwa wewe, na mimi sitaona haya kuitwa mtoto wako mbele ya ukumbi wowote.

Lala, baba. Njia iko wazi tena.

Binti yako wa kwanza